Mwanga Unanijua

Jumatatu, 4 Machi
Nafasi ni moja: mtafiti msaidizi, maabara ya mwanga, chuo kikuu. Tumebaki wawili. Mimi na binti ninayemwita Kimya, maana hata salamu huitoa kwa mafungu. Profesa ametupa wiki hii: kila mmoja apime kipande kilekile cha kioo, aone kinatawanya mwanga kiasi gani. Ijumaa anachagua. Nikikosa, naenda kupima misumari kwa kilo dukani kwa mjomba. Mimi! Mama ameshawatangazia mashangazi wote kwamba nimepata. Sikumkatalia. Ni suala la siku chache tu.

Jumanne, 5 Machi
Shati jipya. Jeupe pee! Mlangoni kuna makoti meusi, na fundi wa maabara akasema kila anayeingia avae. Nikasema sawa, nikasubiri aondoke. Shati kama hili nilifunike? Kizuri chajiuza. Kimya alijifungia kwenye koti lake hadi kidevuni, maskini. Kipimamwanga kikampa tatu. Nami nikawasha leza, nikainama karibu na kipimamwanga. Kumi na moja!

Jumatano, 6 Machi
Nimerudia mara ishirini. Nikisogea, namba inapanda. Nikirudi nyuma, inashuka. Nikienda kunywa maji, tatu. Mwanga unanijua! Mtu mwingine angetafuta kosa. Mimi nimetafuta jina la ugunduzi, nikaona langu linatosha. Kimya akauliza kama nimejaribu kuvaa koti. Wivu huo. Nilipomsimulia mama, akanionya kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Mama hajasoma fizikia.

Alhamisi, 7 Machi
Nimemwomba Profesa nianze mimi kesho. Kakubali. Kisha nikabandika tangazo kwenye ubao wa idara, kuwaalika wote. Heshima haifichwi.

Ijumaa, 8 Machi
Walikuja tisa. Nikainama. Kumi na mbili! Wawili watatu wakapiga makofi. Profesa hakupiga. Alichukua koti jeusi mlangoni, akanivika mwenyewe, akafunga kila kifungo taratibu kama anayempeleka mtoto shule. Tatu. Akafungua, mwanga ukagonga weupe wa shati ukarudi kwenye kipimamwanga. Kumi na mbili. Akafunga tena. Tatu.

“Kijana wangu,” akasema, “wiki nzima umepima shati lako. Na umelipima vizuri.”

Nafasi ni ya Kimya. Niliumia. Nililia kidogo chooni, bomba likiwa wazi. Baadaye Kimya alinifuata nje, akaniambia daftari langu la vipimo ni nadhifu kuliko lake. Nikamjibu kwamba najua.

Jumamosi, 9 Machi
Nilirudi kuchukua kalamu yangu. Mlangoni wamepigilia kibao kipya: ni marufuku kuingia na shati jeupe. Nimekisoma mara tatu. Kimya ana kazi, mimi nina sheria! Nani mwingine ametungiwa sheria chuoni kwa siku tano tu? Nimempigia mama, naye keshawapigia mashangazi. Mjomba alituma ujumbe kwamba nifike dukani Jumatatu saa mbili kamili. Nimemjibu asubiri kwanza. Maana nilipokuwa natoka nilichungulia maabara ya sauti, ghorofa ya chini, na wao wanatafuta mtafiti. Nikaingia, nikawaeleza mafanikio yangu kwa kirefu. Kila nilipofungua mdomo, sindano ya mtambo wao iliruka. Nikinyamaza, inalala. Nimewaambia waiandike hiyo. Barua ya maombi nimeshaianza.