Matuta ya Kumpokea Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Joto limelegea. Mama mkwe amepiga simu: anakuja Jumapili na miche ya kabichi na nyanya, je, bustani ya nyuma ya nyumba iko tayari? Nikamjibu nimeshailima kitambo, inamsubiri yeye tu. Mke wangu alikuwa anamenya viazi. Kisu kikasimama. Nikatoka kuitazama bustani. Magugu hadi kiunoni. Udongo mgumu kama sakafu ya benki. Lakini siku bado zipo. Nimepumzika.

Jumanne, 4 Machi
Mimi na jembe hatujawahi kuelewana. Pigo la kwanza tu, mkono wote ganzi. Upande wa pili wa uzio, jirani yangu fundi cherehani ameshamaliza matuta yake, yamenyooka utadhani kayapima kwa futikamba. Akaniuliza kama nalima au nabisha hodi. Nilikuwa nawatazama kuku wake. Wanapekua kuliko trekta.

Jumatano, 5 Machi
Nimetoboa uzio, nikamwaga mahindi kwenye magugu. Kuku wakaja wote. Wakala mahindi, magugu wakayaacha yalivyo, wakahamia kwenye kitalu cha mchicha cha mke wangu. Huko walilima vizuri sana. Chakula changu nimekikuta kimefunikwa kwa sahani iliyopasuka. Fundi cherehani akaja kulalamikia tundu la uzio. Nikamwambia kuku wake wana midomo mikali.

Alhamisi, 6 Machi
Wazo la uhakika. Nimeripoti idara ya maji kwamba bomba linavuja chini ya bustani yangu. Wapi hasa? Kona mpaka kona, nikasema. Kisha nikamwaga ndoo kadhaa ili paonekane pamelowa. Wanakuja kesho na sululu. Mke wangu anauliza kwa nini napiga mluzi.

Ijumaa, 7 Machi
Mafundi wawili, wachapakazi kwelikweli. Nilikaa kwenye kiti nikiwahimiza wasiusahau upande wa uzio. Walipofika nusu, mkubwa wao akasema hapa hapavuji kitu. Nikamsihi achimbe kidogo tu, nasikia sauti. Akachimba. Kumbe bomba la mtaa mzima linapita pale. Sasa linavuja. Maji yaliruka mpaka kwenye kamba ya fundi cherehani, palipoanikwa suti ya bwana harusi.

Jumamosi, 8 Machi
Bomba limezibwa, ila maji bado hayajarudi mtaani. Bustani imekuwa ziwa la tope. Majirani wanapita na ndoo zao, salamu hawanipi. Mke wangu amesema kwa upole kwamba mama akifika, nitamweleza mwenyewe. Yeye atakaa pembeni asikilize. Upole wake umeninyima usingizi.

Jumapili, 9 Machi
Mama mkwe kafika, miche yake kwenye beseni, imefunikwa gunia bichi. Akalitazama tope. Nikaanza kumweleza habari za umwagiliaji wa kisasa. Akavua viatu, akaingia, akachota tope mkononi.
“Udongo umelainika, baba. Shika jembe.”
“Mama, mgongo wangu huu...”
“Si ulisema umeshalima? Basi rudia.”
Akakalia kiti changu. Nimelima mpaka jua likazama. Fundi cherehani akaleta futikamba yake kunipimia matuta, bila kuombwa. Aliponiambia tuta la tatu linahitaji kupunguzwa kiuno, mke wangu akacheka, mara ya kwanza wiki hii. Nikajikuta nacheka naye. Miche yote imeingia ardhini. Nakiri, imependeza.

Jumatatu, 10 Machi
Siwezi kukunja vidole. Mama mkwe ameondoka na kuacha amri: kumwagilia asubuhi na jioni, mwezi mzima. Nimebeba ndoo moja kutoka bombani, nikaketi kutafakari. Zimamoto wana mpira mrefu sana, na kuwapigia simu ni bure. Moshi kidogo tu nyuma ya nyumba ungetosha. Natafuta kiberiti.