Sultani Mwenye Chunjua

Dhahabu ilipopanda bei hadi watu wakawa wanaisalimia tu dirishani, Hulusi alisimama nje ya duka la sonara jijini Istanbul akisikiliza watu wanavyoguna. Mguno wa aliyealikwa harusini na hana dhahabu ya kumbandika bibi harusi kifuani, kama ilivyo desturi ya huko, aliujua vizuri. Hata yeye alikuwa nao. Jumamosi alikuwa anamwoza Selvi, binti yake, fundi cherehani aliyezitegemea dhahabu za harusi afungue duka. Na baba mtu hakuwa na hata kipini.

Akaenda kwa mtengeneza vifungo, akagongewa sarafu arobaini za shaba ng'avu: "Ukumbusho wa Miaka Mia Tano ya Kiwanda cha Sarafu cha Sultani." Sura ya sultani ikakosekana. Hulusi akatoa picha ya marehemu baba mkwe wake, akaichorea kilemba. Sultani akapendeza.

Walionasa ni basi zima la wageni kutoka Bursa, wakiongozwa na mama mmoja mnene, Gülizar.

"Ni dhahabu kweli, mheshimiwa?"

"Mama, nimesema dhahabu mimi? Nimesema historia. Dhahabu hupanda na kushuka. Historia imeshuka lini?"

"Na ni nusu bei?"

"Kwa uso wako tu. Na ukiichoka, nirudishie popote utakaponikuta, nalipa maradufu. Naapa kwa kaburi la mkwe wangu!"

Mkwe mwenyewe alikuwa palepale kwenye sarafu, anasikiliza.

Wakanunua zote. Hulusi akanunua bangili sita za dhahabu halisi, akalala usingizi wa watu wema.

Jumamosi, ukumbini, akamvisha Selvi bangili zile kwa machozi na makofi. Kisha mshika maikrofoni akaita upande wa bwana harusi. Mlango ukafunguka, na basi la Bursa likaingia kwa miguu.

Hulusi akajificha nyuma ya keki. Keki ilikuwa na ghorofa tatu. Tumbo lake likawa la nne.

"Kutoka kwa shangazi Gülizar: sarafu ya ukumbusho!" Utepe mwekundu, pini, kifuani. "Kutoka kwa mjomba: sarafu ya ukumbusho!" Zilipofika arobaini, Selvi aling'aa kama mpiga tarumbeta wa jeshi.

Mama yake, Nezaket, akavaa miwani, akasogea.

"Hulusi wee! Mbona sultani ana chunjua cha baba yangu?"

Gülizar akageuka, akaliona tumbo.

"Ee! Si yule mheshimiwa wa sarafu! Kumbe ndugu yetu! Selvi mwanangu, una bahati. Huyu ameapa kuzinunua maradufu popote atakapokutwa."

Selvi alimtazama baba yake jinsi anavyotazama kitambaa kabla ya kutia mkasi. Akaomba maikrofoni.

"Nimekukuta, baba."

Mbele ya wakwe mia tatu, Hulusi akaanza kulipa. Ikatoka pochi. Ikatoka saa. "Kutoka kwa baba wa bibi harusi: gari!" Ufunguo ukafungwa utepe, watu wakashangilia. Ikabaki sarafu moja. Nezaket akamkazia macho mumewe mdomoni, pale kwenye jino lake la dhahabu.

Siku hizi duka la Selvi lina wateja. Ukutani ipo picha ya harusi: wote wanacheka, isipokuwa mzee mmoja aliyefumba mdomo kabisa. Na makoti anayoshona Selvi yanagombewa kwa ajili ya vifungo. Vina sultani, na sultani ana chunjua.