Ombi la Kuandikishwa Kuwa Mashine Namba Sita

Kwa Bwana Meneja,
Kiwanda cha Makabati ya Chuma.

KUHUSU: KUTUNZWA KWA MASHINE ZAKO NA KUTOTUNZWA KWANGU

Bwana Meneja, pokea heshima zangu. Mimi ni mke wa fundi wako wa matengenezo, yule ambaye wenzake humwita Daktari wa Shaba. Ndiye anayezitunza zile mashine tano zinazobana mabati mawili kati ya ncha mbili za shaba, umeme ukapita, mabati yakashikana. Hayo nayajua kwa sababu nimesimuliwa mezani kwa miaka kumi na tisa ya ndoa. Sina ugomvi na kiwanda. Nina malalamiko manne tu, nayo ni haya:

1. Kila asubuhi, kabla kazi haijaanza, mume wangu huzipiga tupa zile ncha mpaka zing'ae, maana ncha ikitanuka kama uyoga, cheche hutawanyika na bati halishiki. Kisha huzifuta kwa kitambaa laini. Kitambaa hicho kilikuwa mtandio wangu. Nilipomuuliza, alinieleza kwa upole kwamba pamba ya aina hiyo haiachi nyuzi.

2. Mashine hizo hupoozwa na maji yanayopita kwenye mipira. Mpira wa mashine Namba Tatu ukiziba kidogo tu, yeye husikia akiwa upande wa pili wa ua, anakunywa chai, nyundo zinalia kila upande. Mimi nilikohoa wiki mbili. Wiki ya tatu aliinua kichwa, akasikiliza kwa makini, akatoka kwenda kukagua bomba la jirani.

3. Mwezi uliopita niling'olewa jino. Sikumwambia, nilitaka kuona atachukua siku ngapi kugundua. Siku ya tisa uvumilivu ulinishinda, nikamwambia tukiwa tunakula. Aliweka kijiko chini, akanitazama usoni, akauliza, "La juu au la chini?" Bwana Meneja, moyo wangu ulichanua. Nikamjibu ni la juu. Akatikisa kichwa kwa huzuni. "Hata Namba Tatu," akasema, "ncha ya juu ndiyo huisha kwanza." Akaendelea kula.

4. Jumapili iliyopita binti ya dada yangu aliolewa. Nilivaa gauni jipya la kijani. Tulipoingia ukumbini mume wangu aliona viti vya bati, akavipindua kimoja kimoja kuangalia alama za kuchomelea, huku wazee wamesimama wanasubiri kukaa. Alivikataa kumi na saba. Kwenye picha ya familia nipo mimi, yupo dada yangu, wapo maharusi, na nyuma yetu kuna miguu minne ya kiti, imeelekea juu. Gauni hajaliona hadi leo.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, niandikishwe rasmi kuwa mashine namba sita. Nikaguliwe kila asubuhi kabla sijaanza kazi. Nikipata moto nizimwe, niachwe nipoe, na pasiwepo wa kuniuliza chakula kiko wapi. Nikitoa sauti isiyo ya kawaida, kila kitu kisimame. Nipewe pia kile kibao cha "Usiguse, Ipo Kwenye Matengenezo", nikivae shingoni watoto wakisome. Ikilazimu kufungwa sakafuni kwa boliti nne kama wenzangu, niko tayari, mradi niwekwe karibu na dirisha.

Nisalimie karani wako, mlinzi wa getini na akina mama wote wa chumba cha rangi. Namba Tatu nayo isalimie. Nimefikiri sana na naona haina kosa.

Ni mimi, mwenye hasira na adabu kwa pamoja,
Mke wa Daktari wa Shaba

N.B. Nikitafuta karatasi safi ya kunakilia barua hii, nilifungua daftari la kazi la mume wangu. Kurasa za mbele ni za mashine tano. Za nyuma zimepigwa mistari vilevile kwa rula, na juu ameandika "Nyumbani". Nanakili machache:

"Goti la kushoto humuuma akipanda ngazi. Ndoo nibebe mimi. Nimwambie nafanya mazoezi."

"Haimbi tena akifua, tangu rafiki yake ahame. Nitafute anwani."

"Jumatatu. Amekasirika. Chanzo hakijajulikana. Nisifungue chochote. Niendelee kusikiliza."

Bwana Meneja, ombi langu nimeliondoa. Barua naileta hivyo hivyo, kwa kuwa naambiwa maombi ya vifaa lazima yaje kwa maandishi. Daftari limebaki kurasa mbili. Naomba apewe jingine, nene.