Koti la Baba Mkwe na Kibali cha Mke Wangu

Jumanne, 4 Machi

Barua imefika. Idara ya Uhamiaji inatuita mimi na mke wangu kwa mahojiano Jumatatu ijayo. Wanataka kuhakikisha kwamba ndoa yetu ni ya kweli. Wakiridhika, mke wangu atapewa kibali cha ukaazi kama changu. Wasiporidhika, atafungasha arudi nyumbani, nami nibaki huku ugenini na kitanda cha watu wawili.

Yeye hana wasiwasi. Anasema ndoa ni ya kweli, kwa hiyo tutasema kweli. Maskini, hajui serikali.

Shemeji, kaka yake, anakaa ghorofa ya juu yetu. Jioni alishuka na ushauri wake. Ni fundi umeme, na tangu aanze kushika nyaya anajiona ana mwanga kuliko sisi wengine. Akasema twende kwa wakili wa uhamiaji aliyemsaidia yeye. Nikamwambia wakili ni wa mtu mwenye kesi. Akasema wakili ni wa mtu asiyetaka kesi. Mke wangu akacheka. Hapo ndipo nilipoamua kwamba kwa wakili siendi.

Kabla ya kuondoka alilitazama kabati letu, kama kawaida yake, akauliza kama koti la marehemu baba yao lipo salama. Nikasema lipo. Shemeji aliniazima siku ya harusi yangu, kwa mchana mmoja. Ni miaka sita sasa. Si kwamba sitaki kulirudisha. Ila kila nikitaka kulirudisha, ananiudhi.

Jumatano, 5 Machi

Nimesoma sheria ya uhamiaji kwenye simu wakati wa mapumziko, nimekaa juu ya rundo la shuka. Mimi hupiga pasi katika chumba cha kufulia cha hoteli. Ndugu walioko nyumbani wanajua nipo upande wa utawala.

Sheria si ngumu kama mawakili wanavyotaka tuamini. Kinachotakiwa ni ushahidi tu. Tatizo ni kwamba ushahidi wetu unatia aibu. Niseme hapa, maana hapa hasomi mtu.

Mke wangu nilimpata zahanati. Nilikuwa na matubwitubwi. Mtu mzima wa miaka ishirini na tisa, mashavu yamefura, macho yamebaki mistari, nimefungwa mtandio wa mama kuanzia kidevuni hadi utosini. Yeye alikuwa amemleta mtoto wa dada yake. Mtoto aliponiona akaangua kilio. Yeye akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akaja kuniomba radhi, akabaki pembeni yangu hadi nilipoitwa kwa daktari. Basi, ndiyo hivyo tu.

Afisa gani atatoa kibali kwa kisa kama hicho?

Nimeandika kingine. Tulikutana maktaba. Sote wawili tulinyoosha mkono kuchukua kitabu kimoja. Kesho yake nikampelekea maua mekundu. Hatujawahi kugombana. Mke wangu ameuliza kitabu gani. Nimemwambia hayo yatajazwa.

Jumamosi, 8 Machi

Tumekariri siku tatu. Mke wangu ni mshonaji. Nguo anaijua, uongo haujui. Akifika kwenye maua anaangalia dari. Leo asubuhi ameniuliza kwa nini tusiseme tu habari ya zahanati, yeye anaipenda. Nimemweleza kwamba serikali haitoi vibali kwa wagonjwa. Amenitazama sana, kisha akaendelea kukariri.

Limebaki suala la picha za harusi. Halisi tunazo, lakini hazitazamiki. Baba mkwe alikuwa pande la mtu, Mungu amrehemu, na mimi ni mimi. Mikono ya koti imenifika kwenye ncha za vidole. Ninaonekana kama mtoto aliyeingia kabatini kwa baba yake. Nimezificha chini ya godoro.

Tumekwenda studio. Nimekodi suti nyeupe, yeye akakodi gauni. Nyuma yetu maporomoko ya maji yaliyochorwa ukutani, mkononi maua ya plastiki. Mpiga picha alituambia tutabasamu kama maharusi. Mke wangu alitabasamu kama mtu anayeng'olewa jino. Picha zimetoka safi kabisa. Shemeji akiziona atakoma.

Jumatatu, 10 Machi

Natamani ardhi ipasuke.

Walituhoji kila mtu na chumba chake. Afisa alikuwa mpole, na kumbe mpole ndiye wa kuogopwa. Nikatoa kisa cha maktaba, neno kwa neno. Akaandika. Akaniuliza nikiugua huwa ninafanyaje. Hilo hatukukariri. Nikasema mimi siugui. Akaniuliza mara ya mwisho tuligombana kwa ajili ya nini. Nikasema katika ndoa yetu neno hilo halipo.

Akachukua picha, akazisifu. Kisha akaigeuza moja. Nyuma kulikuwa na muhuri wa studio. Chini ya muhuri, tarehe. Juzi Jumamosi.

Nikasema picha za zamani zilichakaa, hizi zilisafishwa upya. Akaandika na hilo.

Mke wangu alinisimulia tukiwa njiani. Alisema kisa cha maktaba hadi mwisho bila kupumua, akajibu habari ya maua kabla hajaulizwa. Alipoulizwa juu ya ugonjwa, akasema nikipata mafua tu ninalia na kutaka kuaga ndugu wote kwa simu. Juu ya ugomvi, akasema tuligombana jana, kwa ajili ya mahojiano. Alipogeuziwa picha alikiri palepale kwamba tumepiga Jumamosi.

Nikamlaumu kwa kukiri. Akaongeza mwendo, akaniacha nyuma.

Alhamisi, 20 Machi

Barua nyingine. Wanakusudia kulikataa ombi, kwa kuwa maelezo yetu yanaonekana kutungwa na picha si za harusi. Tumepewa muda mfupi wa kujieleza. Baada ya hapo mke wangu ataamriwa kuondoka.

Ameisoma amesimama mlangoni na tepu ya kupimia bado shingoni. Ameniita mume wangu. Akiniita hivyo kwa ukamilifu najua mambo yameharibika. Amesema: kwa hiyo siku uliyonipata unaionea aibu.

Nilitaka kusema hapana. Nilitaka kusema ninayemwonea aibu ni mimi mwenyewe, mashavu yangu, mikono ya koti, kazi ya pasi, na kwamba yeye ndiye kitu pekee katika maisha yangu ambacho sikuhitaji kukipamba. Nikasema tutakata rufaa.

Akaenda kulala. Nami nimekaa hapa jikoni nikijiona hovyo.

Ijumaa, 21 Machi

Nimepanda ngazi hadi kwa Shemeji kuomba jina la wakili. Ngazi za kwenda kuomba msamaha ni ndefu. Nilitarajia anicheke. Hakunicheka, na hiyo imeniuma zaidi. Amesema sikio la kufa halisikii dawa, akavaa viatu, akatupeleka mwenyewe.

Wakili ni mama wa makamo, anazungumza taratibu, na kwake hakuna kiti cha kuzunguka wala picha ya mizani ukutani. Alisoma barua mara mbili. Akauliza kama ndoa yetu ni ya kweli. Tukasema ndiyo. Akavua miwani. Akasema miaka yote amekuwa akikutana na watu wenye ndoa ya uongo wanaotaka ionekane ya kweli, na sisi ndio wa kwanza kuleta ya kweli na kuivalisha uongo.

Kisha akatueleza, bila haraka, kama anayemweleza mtoto njia ya kwenda shule. Sheria haiulizi ndoa yetu ni nzuri kiasi gani. Inauliza kama ipo. Kuthibitisha ni juu yetu, si juu ya afisa. Na kila tunalosema linahifadhiwa, hata baada ya miaka kumi tukiomba jambo lingine litatolewa na kulinganishwa. Uongo wenyewe ni kosa, hata kama haukuwa na haja. Kwa hiyo tuukanushe uongo wetu kwa hiari, kwa maandishi, kabla uamuzi haujatoka, tuambatanishe ushahidi halisi na maelezo ya ndugu anayetufahamu. Ataomba mahojiano ya pili. Ataingia nasi, lakini hatajibu kwa niaba yetu. Na hawezi kuahidi matokeo. Wakili anayeahidi, akasema, mkimbieni.

Nikamuuliza kama kisa cha zahanati tunaweza kukirekebisha kidogo, labda badala ya matubwitubwi niwe nimevunjika mguu. Akasema nikiongeza neno moja la uongo atajitoa siku hiyohiyo. Mke wangu akatazama pembeni. Shemeji akakohoa. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Akaomba picha halisi za harusi. Nikasema zipo chini ya godoro. Akavaa tena miwani ili anione vizuri.

Jumapili, 23 Machi

Mficha uchi hazai, alikuwa akisema mama. Leo nimeinua godoro.

Mke wangu alizipanga picha mezani moja moja. Nimemwambia hii usiweke, mikono imenifunika kabisa. Ameiweka juu ya zote. Shemeji ameandika maelezo yake kama shahidi, kwamba alihudhuria, kwamba koti alitoa yeye. Akaongeza kuwa bado halijarudi. Nimesema hilo halihusu uhamiaji. Amesema wakili ametaka ukweli wote.

Jumatano, 2 Aprili

Mahojiano ya pili. Nimesema yote. Matubwitubwi. Mtandio wa mama. Mtoto kulia. Jasho lilinitoka mpaka mgongoni. Afisa aliponiuliza nikiugua huwa ninafanyaje, nikasema ninalia. Akaandika bila kucheka, Mungu ambariki. Wakili alikaa pembeni akiandika zake. Mara moja tu, nilipoanza kusema kwamba mashavu hayakuvimba sana, aliweka kalamu mezani. Nikasema yalivimba.

Kisha picha. Afisa akauliza koti ni la nani. La baba mkwe, nikasema, nami sikuwa na langu.

Jioni mke wangu akanieleza kwamba na yeye aliulizwa kuhusu koti. Alijibu hivi: baba yake alifariki miezi mitatu kabla ya harusi. Siku ile, alipoinua macho na kuliona koti lile limesimama likimsubiri, alihisi baba amekuja. Ndiyo maana alilia.

Miaka sita nilidhani alilia kwa jinsi nilivyoonekana.

Nilishindwa kula. Nikamwomba radhi, kweli, bila kupamba. Akasema amenisamehe, ila ana ombi moja. Kibali kitoke kisitoke, koti lirudi kwa kaka yake, nami nilipeleke mwenyewe kwa mikono yangu na neno la shukrani. Nimeapa.

Jumanne, 15 Aprili

Kimetoka!

Kibali cha ukaazi, jina la mke wangu, picha yake haitabasamu hata kidogo. Wakili amepiga simu mwenyewe. Amesema afisa ameandika kwamba maelezo ya mara ya pili hayawezi kuwa yametungwa, hakuna mtu ambaye angejitungia hayo. Amesema vilevile kwamba maelezo ya kwanza yamebaki kwenye faili, na kwamba kuanzia leo niishi kama mtu mwenye faili.

Mke wangu alilia, Shemeji akalia, mimi nikaenda chooni kuangalia bomba. Kisha Shemeji akanikumbatia. Miaka yote hii hajawahi kunikumbatia. Akasema kesho kutwa ni siku aliyofariki mzee, angependa avae koti wakati wa kumwombea dua. Nikasema kesho kutwa litakuwa tayari, tena limepigwa pasi na fundi. Mke wangu akanishika mkono mbele ya watu.

Mimi ni mtu mpya. Naandika hapa ili nijikumbushe: uongo, basi.

Alhamisi, 17 Aprili

Nililipeleka koti kazini asubuhi. Nilitaka linyooke kuliko lilivyokuwa siku lilipotoka dukani. Kitambaa chenye unyevu nilikitandika kama inavyotakiwa. Upande wa mbele ukatoka safi. Nikaligeuza mgongo. Ndipo wenzangu waliponiuliza habari za kibali, nami nikaanza kuwaeleza jinsi nilivyomwelekeza wakili namna ya kuendesha kesi. Nilipofika mahali ambapo wakili ananishukuru, mmoja wao akauliza kinachonuka ni nini.

Ni mgongoni, katikati. Pasi nzima, na ncha yake, na matundu yake ya mvuke. Hata mtoto angeitambua.

Sikuwahi kuona aibu kama hii. Ya mashavu ilikuwa mchezo. Nilikaa juu ya shuka, nimelikumbatia koti la mtu aliyenipa binti yake. Nikajiambia nitapanda ngazi, nitabisha hodi, nitasema: Shemeji, nimeunguza. Hivyo tu. Wakili angejivunia.

Nikapanda, koti nimeliacha kazini. Nikabisha. Akafungua, amenyoa, amevaa shati jeupe la kuendana nalo. Nyuma yake mke wangu ameshika picha ya baba yao. Wote wawili wananitazama mikononi.

Nikasema koti limeshikiliwa na Idara ya Uhamiaji, kama ushahidi.

Shemeji amesikitika sana, lakini amesema sheria ni sheria. Mke wangu ameilaza picha mezani. Baadaye amesema jambo moja tu: kesho asubuhi atampigia wakili amuulize litarudishwa lini.

Ofisi ya wakili hufunguliwa saa mbili. Nitakuwa mlangoni saa moja. Nimekwishaandika tutakachosema.