Kanuni ya Kubebeana

Pii, pii, pii.

Waliokuwa wamesimama mlangoni mwa ukumbi wa kanisa pale Guildford, Sydney, waliruka pembeni, wakidhani lori linarudi nyuma. Halikuwa lori. Alikuwa Mwenyekiti, Papa Ildephonse. Alikuwa amerekodi mlio wa foklifti, kigari cha kuinulia mizigo, kwenye simu yake, ghalani Lidcombe anakosimamia zamu ya asubuhi, na kwa mlio huo alifungua kila kikao cha jumuiya. Sababu ilikuwa ya busara kabisa: nusu ya wanajumuiya walifanya kazi maghalani, na hapakuwa na sauti nyingine duniani iliyoweza kuwanyamazisha.

"Ndugu wananchi," alisema, ingawa uraia wa wengine ulikuwa bado unashughulikiwa, "nina heshima kubwa kuwatangazia kuundwa kwa Kamati ya Kudumu ya Mimba, Mizigo na Maadili. Mwenyekiti wake amekwisha kupatikana. Ni mimi."

Watu walipiga makofi. Chai ilikuwa haijatolewa, na uzoefu uliwafundisha kwamba makofi huiharakisha.

Chanzo cha kamati kilikuwa Anésie, mama wa watoto watatu, ambaye kazi yake ni kuhudumia wazee. Jumamosi iliyopita alisimama akasema, kwa sauti ya mtu anayeeleza mabadiliko ya ratiba ya treni: "Mnajua Falone alitolewa kizazi. Madaktari wamemhifadhia yai lake, limekwisha kuunganishwa na mbegu ya mumewe. Limebaki hilo moja. Mimi nitambebea. Nawaambia mapema msije mkalikuta kwenye WhatsApp."

Falone, aliyeketi karibu naye, alikuwa akisokota ncha ya kitenge chake. Wawili hao waliishi hema moja katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na tangu hapo walikuwa wamegawana kazi: mmoja anasema, mwingine anatetemeka.

Ildephonse hakusikia habari ya kizazi wala ya yai. Alisikia kitenzi. Kubeba. Na katika Sydney nzima, kwa tathmini yake mwenyewe, hapakuwa na mtu aliyeelewa kubeba kumshinda yeye.

"Tuanze," alisema sasa. "Dada Anésie ni msafirishaji. Dada Falone ni mpokeaji. Mzigo ukipata hitilafu njiani, nani anawajibika?"

"Mzigo gani, Papa?" Anésie aliuliza.

"Swali la kitaalamu hujibiwa kitaalamu."

Anésie alishusha pumzi. "Sheria ya hapa inasema mwili ni wangu. Nile nini, nizae vipi, naamua mimi. Kila upande una loya wake. Kaunsela wa kutushauri tumekaa naye mpaka ametuchoka. Tumeandikiana kabla ya kuanza, kama inavyotakiwa. Silipwi, maana hapa kulipwa ni kosa, narudishiwa gharama tu. Mtoto akizaliwa, kwa sheria mama ni mimi, mpaka mahakama imhamishie Falone."

"Hapo." Mwenyekiti aliinua kidole. "Aliyebeba ndiye mwenyewe. Serikali imekiri."

"Imekiri kwa muda, Papa, ili mtu asije akaninyang'anya kwa nguvu."

"Na ukimpenda ukakataa kumtoa?"

Lilikuwa swali la kweli, na lilimponyoka Mwenyekiti kwa bahati mbaya.

"Nitampenda," Anésie alisema. "Kwani kupenda ni kufunga mlango? Atanijua kama mama yake mdogo, na ataambiwa tangu utotoni alipitia wapi. Huyo hanisumbui. Mnaonisumbua ni nyinyi. Mkinuna, kwa daktari siendi. Sitamleta mtoto aje kutambaa katikati ya watu walionuna."

Falone aliinamisha kichwa. Yai lilikuwa moja.

Mwenyekiti aliyapokea maneno haya kama ushindi wa utawala bora. Alimgeukia katibu wake, Wilondja. "Andika. Ni marufuku mwanajumuiya kumbebea mwenzake mimba bila kibali cha Kamati."

Wilondja alisogeza mdomo sikioni mwake. "Chairman, hilo neno. Pasta yuko mstari wa mbele."

Ildephonse alimtazama Pasta. Pasta alitazama dari.

"Toa 'mimba'," aliamua. "Weka 'kitu chochote'. Utawala ni adabu."

"Na kibali kinachukua muda gani?" Anésie aliuliza.

"Mwaka mmoja."

"Mimba ni miezi tisa, Papa."

"Hiyo ni shida ya mimba."

Kanuni ikapita kwa makofi. Chai ikaja.

Wiki mbili baadaye ilifika Siku ya Jumuiya, ukumbini Rooty Hill, na diwani alikuwa amealikwa. Gari la Ildephonse lilikuwa gereji. Hilo halikumtisha, kwa kuwa kiongozi hubebwa na watu wake. Alimpigia Wilondja simu.

"Nipitie saa nne. Halafu tupite kwa Falone, unibebee sufuria ya maharage. Nataka diwani anione nikiingia nayo."

"Kibali unacho, Chairman?"

"Cha nini?"

"Sufuria ni kitu. Imeandikwa 'kitu chochote'. Niliandika kwa mkono huu."

Alipiga simu ya pili, ya tatu, ya nne. Kila aliyepokea alimpa pole na kumkumbusha kanuni. Kwa miaka mingi alikuwa ameiombea jumuiya hii nidhamu, na sasa Mungu alikuwa amejibu.

Basi alikwenda kwa Falone kuibeba mwenyewe. Ilikuwa sufuria ya harusi, ya moto, na Falone aliifunga kwa kitenge ikakaa imara juu ya tumbo la Mwenyekiti. Alipanda treni, na kufika stesheni ya Merrylands mgongo ulikuwa unalia. Blacktown alibadilisha treni akitembea kwa kujipinda nyuma, miguu imetanuka, na bibi mmoja Mzungu alisimama akampisha kiti. Alikaa akihema kwa mdomo. Njaa ilimuuma, lakini maharage hayakuwa yake. Mwanafunzi mmoja alipomgusa kwa begi, Mwenyekiti aliikumbatia sufuria kwa mikono miwili, na kabla hajajizuia alijisikia akiinong'oneza, "Tulia, tunakaribia."

Ukumbini kila mtu alikuwa amekalia kiti alichojibebea. Diwani, ambaye hakuwa na habari za kibali, alikuwa amesimama.

Ildephonse aliingia, jasho likimchuruzika. Watu wakasimama kwa heshima. Hakuna aliyesogea.

"Nishushieni," alisema.

"Pole kwa safari, Papa," Anésie alisema, akimkaribia na sahani yake. "Yananukia vizuri. Maharage ya nani haya?"

"Ya Falone. Nishushieni, bwana."

"Ya Falone tena? Si umebeba wewe?"

"Nimebeba tu," Mwenyekiti alifoka. Upumbavu wa swali ulimuudhi. "Yametoka kwake. Yeye ndiye mwenyewe. Tangu lini mtu akibeba kitu kinakuwa..."

Alikuwa ameyasikia maneno yake mwenyewe.

Haijulikani nani alianza kucheka. Wapo wanaoapa ni Pasta. Wilondja alimtafsiria diwani kisa chote, kuanzia kanuni mpaka treni, na diwani alicheka mpaka akakaa sakafuni, mahali pekee palipokuwa wazi. Mwenyekiti alifungua kinywa atangaze kwamba suala litafanyiwa utafiti. Sufuria ikateleza kidogo. Akakifunga.

Ndipo Falone akaja. Alisimama mbele yake, mikono ameinyoosha, bila kugusa.

"Papa," alisema, na wengi walikuwa hawajawahi kuisikia sauti yake. "Naruhusiwa kupokea?"

"Pokea, mwanangu," Ildephonse alisema. "Ni yako. Pokea haraka."

Akapokea. Mwenyekiti aliunyoosha mgongo, mfupa mmoja baada ya mwingine, akamtazama Falone, akamtazama Anésie, kisha akasema kwa sauti iliyofika mpaka nje:

"Falone, nakuahidi mbele ya watu hawa. Huyu dada yako nenda naye kwa daktari. Akianza kuwa mzito, mifuko yake yote, kwenye ngazi zake zote, nitambebea mimi mwenyewe, mpaka siku ya kujifungua. Na sitaitisha kikao."