Ndoano ya Albert

Jumatatu, 2 Juni 2003. Lweba.

Habari kubwa! Mamukwe, mama wa Florentine mke wangu, anavuka ziwa. Boti ya Jumamosi, kutoka kambi ya wakimbizi, upande wa Kigoma. Ujumbe umeletwa na muuza dagaa na haukuwa mrefu: anakuja kuona kama nina nyumba yenye mlango. Mlango ukiwepo, Florentine atarudi kwangu. Mlango usipokuwepo, mke wangu abaki ng'ambo na mama yake, nami nibaki na gunia langu linalopepea pale mlango ungekuwa.

Florentine alivuka ziwa na mama yake vita vya pili vilipoanza, karibu miaka mitano iliyopita. Nafasi yangu ingepatikana kama ningemwomba mwenye boti. Sikuomba. Nilikuwa na mpango bora zaidi: kupasua mbao zangu, kutengeneza mtumbwi wangu, kuwafuata kwa heshima. Mpango huo bado unaendelea.

Gogo la mlango lipo. Mvule mzuri sana! Umelala kilimani, tulipouangusha mimi na Néhémie, mwenzangu wa msumeno. Tukipasua mbao, mimi nashika msumeno juu, Néhémie anashika chini, ndani ya shimo, unga wa mbao ukimwagikia, na ndiyo maana kikohozi ni chake. Shida ni kulishusha. Gogo kama lile halisukumwi kwa mikono. Linataka ndoano: mti mrefu mgumu, na karibu na ncha yake chuma kilichopinda, kinaning'inia kwenye pini. Chuma kinaling'ata gogo, wewe unainua mti, gogo linageuka lenyewe kama mtoto kitandani.

Zamani ndoano zilikuwa nyingi. Wenye bunduki wamepita hapa mara nyingi, na kila walipopita chuma kiliondoka nao. Lweba nzima imebaki ndoano moja. Ya Albert! Albert anapasua mbao chini yetu, kando ya njia, na ana kicheko cha mtu ambaye amekwisha kukusaidia. Anamwazima kila mtu. Néhémie amesema si niende tu nimwombe.

Nimwombe Albert! Kwanza nife.

Jumanne, 3 Juni.

Nimepata akili. Ndoano ni mti na chuma kilichopinda, basi. Mti ninao. Chuma kilichopinda nimekiona leo asubuhi, kimeegemea nyumba ya Néhémie: usukani wa baiskeli yake. Néhémie alikuwa ameenda kuoga ziwani. Sikutaka kumsumbua.

Nimeufunga kwenye mti kwa waya. Ulipendeza! Nimepanda kilimani, nikaling'atisha gogo, nikainua kwa nguvu zangu zote. Gogo halikutikisika. Usukani ulinyooka ukawa kama mwiko wa ugali.

Néhémie alitaka kwenda Baraka kanisani, kwenye mazoezi ya kwaya. Amekwenda kwa miguu. Kabla ya kuondoka ameniuliza kwa upole kwa nini sikumwomba. Nimemwambia maswali mengine hayana majibu.

Alhamisi, 5 Juni.

Leo siandiki mengi. Nina aibu na magoti yamechubuka.

Mpango ulikuwa huu: kumnong'oneza mtu mmoja tu, muuza dagaa, kwamba askari wanakuja kukusanya chuma. Albert angesikia, angeficha ndoano porini, mimi ningemfuata kwa mbali, ningeitumia kidogo, ningeirudisha. Nani angeumia?

Kumbe muuza dagaa ana mdomo. Kufikia saa nne kijiji kizima kilikuwa kinapiga kelele, basoda banakuya, basoda banakuya, askari wanakuja! Kina mama wametoka na magodoro kichwani na watoto mgongoni. Wamezika sufuria, majembe, hata vijiko. Nilipoona wote wanakimbia, moyo wangu ulisema labda ni kweli. Nimekimbia. Nimewapita wengi. Nadhani nilikuwa wa kwanza kufika msituni.

Kule msituni kulikuwa na bibi mmoja aliyekuwa anatetemeka, na mtu aliyekuwa amemshika mkono ni Albert. Ndoano hakuwa nayo. Aliiacha imeegemea ukuta wake, akambeba bibi. Nimetazama pembeni.

Jioni hii hakuna moshi Lweba, kwa sababu wengi wamesahau walipozika sufuria. Mke wa Néhémie ndiye anayenipa chakula. Naye amesahau. Nalala njaa, na ni haki yangu.

Jumamosi, 7 Juni.

Mungu wangu! Niandike polepole.

Boti ilitazamiwa mchana. Asubuhi nimemwambia Néhémie kwamba gogo tutalishusha bila ndoano ya mtu yeyote, kwa miti miwili na mawe ya kuzuia. Lilianza vizuri. Halafu likaanza vizuri mno! Limetuponyoka, likashuka mpaka ukingo wa njia. Mti wa Néhémie umevunjika. Mimi nimeukita wangu chini ya gogo, nikauegemea kwa kifua, na gogo likasimama. Mbele yake njia. Chini ya njia, Albert ndani ya shimo lake, anapasua na kuimba. Nikiachia, gogo linamfuata humo humo.

Néhémie ameenda kutafuta jiwe kubwa. Mimi nikabaki peke yangu. Nilijua la kufanya, nimwite Albert. Nilikuwa natafuta maneno ambayo yasingekuwa kuomba. Sikuyapata.

Ndipo mamukwe akatokea njiani. Boti imewahi! Kikapu kichwani, fimbo mkononi, mdogo kuliko nilivyomkumbuka.

Kwetu mwanaume hamtazami mama wa mke wake usoni. Hamsemeshi ana kwa ana, hashiki alichoshika yeye. Akikutana naye njiani anaingia kwenye majani, anageuka, anangoja apite. Kila mkwe mwenye akili anajua hivyo. Mimi nitaingiaje kwenye majani na gogo la mvule kifuani? Nimefumba macho. Nimeingiza kichwa ndani ya shati.

Amesimama. Halafu, kwa kuwa hawezi kusema nami, amesema na gogo.

— We gogo, uambie ule muntu asikuachilie.

Nami nimelijibu gogo kutoka ndani ya shati, kwamba limwambie mama kuwa muntu hataachilia, lakini mikono inaanza kufa. Mamukwe ameliuliza gogo kama ndilo mlango. Nimeliambia gogo ndiyo, kwa sasa bado ni mviringo. Amecheka! Nimesikia vizuri. Halafu ameliambia kwamba Florentine anateremka ziwani kila boti inapoingia, anatazama watu wanaoshuka, anarudi kambini bila kusema kitu. Kila boti.

Ndani ya shati mlikuwa na maji, na hayakuwa jasho lote.

Mti umeanza kuteleza. Nikasikia kikapu kinawekwa chini, na uzito ukapungua kifuani mwangu. Mamukwe ameshika mti wangu! Mkono wake karibu na wangu, mti mmoja! Sijui jambo hili limewahi kutokea wapi. Na akapaza sauti, bila hasira:

— Albert! Lete ile ndoano, mwanangu!

Basi. Hayo tu. Albert ametoka shimoni na ndoano kwa mbio, ameling'atisha gogo, ameinua, na gogo limegeuka pembeni na kulala kwenye majani. Maneno yenyewe ni matano. Ningeweza kuyasema.

Mamukwe amechukua kikapu chake. Ameliambia gogo atakaa kwa dada yake mpaka mlango uwepo.

Jumapili, 8 Juni.

Kushika mti mmoja na mamukwe ni haya, na haya inaondolewa kwa kuku mweupe. Sina kuku. Albert amepita baada ya misa kuuliza mikono inaendeleaje. Ameniambia kitu chochote nikihitaji, niseme. Nimemwambia sihitaji kitu.

Kwa bahati nimekuta kuku mweupe anazurura njiani, hana mwenyewe. Nimemfunga miguu. Nimempeleka nyumbani kwa dada wa mamukwe, nikamweka kizingitini nikiwa nimegeuka, kama inavyotakiwa. Watu wamepiga makofi. Halafu nikasikia kicheko cha Albert nyuma yangu, meno yote. Amesema kuku wake amepata bahati ya kuolewa kwenye familia nzuri, na ningemwomba angenipa na jogoo.

Mamukwe ameliuliza dirisha mkwe wake ni mtu wa namna gani. Dirisha halikujibu. Nalishukuru.

Jumamosi, 21 Juni.

Mlango upo! Mbao tatu za mvule, nyekundu, bado zinanukia. Tumepasua mimi na Néhémie, na gogo likitaka kugeuzwa Albert amekuja mwenyewe na ndoano, bila kuitwa, kwa kuwa nilikuwa sijapata namna ya kumwita.

Mamukwe amekuja kuukagua. Mimi nilikaa nyuma ya nyumba. Nimesikia ameufungua. Ameufunga. Ameufungua tena. Amefanya hivyo mara nyingi, kama mtu ambaye kwa miaka amelala nyuma ya turubai. Kisha ameuambia mlango, kwa sauti ya kufika nyuma ya nyumba, kwamba boti ya kesho itapeleka ujumbe.

Nimemkumbatia Néhémie. Amekohoa.

Jumapili, 29 Juni.

Florentine amerudi.

Nilikuwa nimetayarisha hotuba. Ameshuka botini, ameniona, na hotuba yote imeingia ziwani. Amekonda. Amenishika mashavu kwa mikono miwili mbele ya watu wote wa ufukweni, ameniuliza kama mtumbwi wangu umekwisha. Nimemwambia bado kidogo. Amecheka akilia, nami nimelia tu.

Amefika nyumbani, amefunga mlango, ameuegemea kwa mgongo, amesema sasa amefika. Mimi nampenda mwanamke huyu. Naandika hapa kwa sababu mdomoni neno hilo linanishinda.

Baadaye ametazama ndani, ameuliza kwa upole tunalala wapi. Chini, nimesema. Amesema chini amelala vya kutosha. Anataka kitanda. Ndiyo! Kitanda cha mvule! Gogo la pili lipo kule kule kilimani, nene kuliko la kwanza.

Albert amekuja kumsalimia. Akiondoka amesema ndoano inaegemea ukuta wake kila siku, nikiitaka niseme neno moja, hata asipokuwepo nimwambie mke wake. Florentine amenitazama. Amesema, Fabien, omba. Nimesema nimesikia.

Na nimesikia kweli. Lakini mtu hawezi kuwa anaomba kila siku, sasa ana mlango. Wakati Florentine anafungua mizigo nimepita kwa Néhémie kidogo. Alikuwa ameenda kuoga ziwani. Baiskeli yake imepata usukani mpya. Nimeugonga kwa kidole. Ni chuma kigumu kuliko ule wa kwanza.