Posa ya Ofisi

Jumatatu, 7 Aprili 2025

Ibtihal, mjukuu wangu, amerudi kutoka chuo kikuu Mombasa na begi la nguo chafu na habari mbovu. Anasomea sheria, mwaka wa tatu. Sasa sharti akae miezi mitatu katika ofisi ya wakili ajifunze kazi. Atachimenti, ndiyo jina lake. Barua ya kumkubali isipofika chuoni kabla ya Jumatano ya wiki ijayo kwisha, mwaka mzima unarudiwa. Mwaka mzima! Nimemlea huyu tangu hana jino.

Yeye hana haraka. Kakaa mkekani na laptopu. Atazama nani ana leseni ya mwaka huu, nani kasimamia kesi gani. Awaandikia wanafunzi waliopita kuwauliza: mlifunzwa, au mlitumwa chai? Nikamwambia watu hawachunguzwi kwa kidole. Nimewaposea wanangu wanne na sijakosea ila mara tatu. Ofisi nitamposea mimi.

Kabla sijameza mate, Bi Zamzam wa ukuta wa pili kaingia kunipa habari ambayo sikuiuliza. Mjukuu wake, Nabhan, kashapata atachimenti huko Mombasa, ofisi ina lifti. Nikamwambia hongera, angalau atafunzwa kupanda na kushuka.

Jumanne, 8 Aprili

Nimefunga sita ya Mfungo Mosi, zile saumu sita za baada ya Ramadhani, kwa hiyo subira ninayo. Nimekaa asubuhi nzima kwenye daka la watu, kibaraza cha mlangoni, mkabala na ofisi ya Bwana Abubakr wakili. Wametoka watu watatu. Wawili wanacheka. Wa tatu analia, lakini yule hulia hata harusini, simhesabu. Ukoo wa Abubakr naujua hadi babu wa babu. Naye humwita mjumbe wake wa ofisi kwa jina, hampigii kelele. Alama nzuri.

Ibtihal amtaka Bi Chelangat, wakili aliyekuja kutoka bara miaka miwili nyuma. Asema huyo huwapa wanafunzi kazi ya kweli, waandike hati wenyewe, na kesi zake thelathini amezisoma. Nikamuuliza bibi yake ni nani. Hajui! Kesi thelathini azijua, bibi hamjui. Na huo ndio uchunguzi wa chuo kikuu.

Jumatano, 9 Aprili

Nimeingia kwa Abubakr. Tatizo: huwezi kuingia kwa wakili ukatazama tu vumbi. Wataka kesi. Sikuwa nayo, nikatunga.

Nikasema mlizamu wa Bi Zamzam, ule wa kutolea maji ya mvua darini, wanimwagia maji dakani kwangu, nami ni mtu mzima, nitateleza nife. Nililia kidogo. Bwana Abubakr aliandika kila neno. Mimi nahesabu viti: viwili. Feni yafanya kazi. Nilipomuuliza kama ana nafasi ya mwanafunzi, akasema atatazama, kwanza tumalize shauri langu. Niachie mimi, Bibi, akasema. Adabu tupu. Nikamwachia.

Ijumaa, 11 Aprili

Yallah! Abubakr kamwandikia Zamzam barua! Siku saba Bi Zamzam aung'oe mlizamu, la sivyo mahakamani.

Zamzam kapanda darini na kuisoma kwa sauti ya kufika kijiji cha Shela. Nikamwambia huenda ni makosa. Akaniuliza kama ndia hii ya mtaa wetu ina Radhiya mwengine. Kisha kafunga dirisha. Miaka arubaini twapitishiana chumvi kwa dirisha lile.

Lakini na tuseme kweli, wakili ana kasi. Siku mbili tu! Nimemwongezea alama.

Jumatatu, 14 Aprili

Ibtihal karudi uso unang'aa. Bi Chelangat kamhoji saa nzima na kamkubali! Barua yatiwa saini kesho. Kumbe aliomba mwezi uliopita, mimi nimefichwa kama mgonjwa. Na Abubakr je? Ibtihal asema huyo kashachukua wanafunzi wawili, yeye aliliona hilo kwenye laptopu tangu siku ya kwanza. Viti viwili. Na mimi niliyehesabu viti!

Nimesujudu. Kisha nikauliza, na bibi yake huyo mama? Akacheka, akanibusu kichwani.

Jumanne, 15 Aprili

Hakuna barua.

Zamzam alichukua ile barua ya mlizamu Jumamosi akaipeleka kwa wakili wake. Wakili gani? Mji mzima huu, kaenda kwa Bi Chelangat. Leo Ibtihal kaona faili mezani, jina langu juu yake, na mwenyewe kasema: huyu ni bibi yangu. Bi Chelangat kamwambia hawezi kumweka ofisi inayoshindana na bibi yake. Faili likiwa wazi, hakuna saini.

Nikamwambia angenyamaza. Akasema wakili wa kunyamaza hapo si wakili. Hakunipigia kelele. Alifunga laptopu, akapanda darini peke yake. Akinipigia kelele huwa najua tutapatana.

Nimepika mkate wa sinia, sambusa, na kaimati za shira. Alasiri nimebisha kwa Zamzam. Dirishani kanijibu kwamba yeye siku hizi azungumza kupitia kwa wakili wake.

Basi nikasimama katikati ya ndia, sinia kichwani, nikasema kwa sauti. Kwamba mlizamu ule aliutia Jaafar, marehemu mume wangu, mwaka ambao dari la Zamzam lilivuja. Kwamba ngazi niliishika mimi. Kwamba hakuna tone lililowahi kunigusa. Nilitunga kesi ili nihesabu viti. Watu wakasimama. Punda wakasimama. Hata muuza samaki alishusha kapu asikose kitu.

Halafu nikasikia Zamzam acheka mpaka mbao za dirisha zatetemeka. Akafungua. Akakaa dakani kwake akala sambusa, moja moja, taratibu, akinitazama usoni. Ajua nimefunga, ya mwisho katika zile sita. Kaimati alilamba na vidole. Nikavumilia, mtoto wangu yuko darini.

Jumatano, 16 Aprili

Asubuhi na mapema, kwa Abubakr. Nimefuta shauri. Kasikitika, asema ilikuwa kesi nzuri. Kisha mimi na Zamzam, mkono kwa mkono, kwa Bi Chelangat. Kasoma karatasi, kafunga faili, kapiga muhuri. Saini. Adhuhuri haijaadhiniwa, Ibtihal kashaituma barua chuoni kwa simu, na kashanikumbatia hadi mbavu zikalia.

Bi Chelangat akaniambia alikuwa amesikia habari zangu. Kabla ya kumkubali Ibtihal aliulizia mtaani. Kaambiwa binti mwaminifu, bibi mkorofi, jina la bibi hakutajiwa. Nikamtazama Zamzam. Zamzam akatazama feni.

Aliulizia mtaani! Huyo ni mtu. Nikamuuliza bibi yake. Yuko hai, aitwa Cherotich, skuli hakuingia hata kwa kuchungulia. Kama mimi, niliyeishia herufi za chuo cha Kurani, hizi hizi ninazoandikia hapa. Nimetuma salamu na chupa ya achari.

Jumamosi, 19 Aprili

Ibtihal kaniapisha. Nisitafute ofisi, nisichunguze wakili, nisitunge kesi. Nimeapa. Kwa habari yake yeye, nimeapa kabisa.

Leo Zamzam kaleta kahawa dirishani. Ana wasiwasi. Ile ofisi ya Mombasa yenye lifti, aliko Nabhan, sisi twaijua ukoo? Hatuijui. Nani kaenda kuitazama? Hakuna. Mtoto wa watu kapelekwa hivi hivi, kama kifurushi.

Twaondoka Jumanne kwa basi. Kuingia wataka kesi, na kesi tunayo: safari hii Zamzam ndiye atakayenishtaki mimi. Ameahidi kulia vizuri.